Acheni Kununua Msitu Vipande Vipande

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia picha ya mmea wake mpya, saa tano usiku. Okidi-ndara, ile ambayo ua lake lina mfuko kwa mbele kama ncha ya kiatu cha mtoto. Ilikuwa imetoka Asia ndani ya soksi, kwenye begi la mtu, bila karatasi hata moja. "Orijino kutoka msituni," aliandika. Halafu swali: "Nifanye nini itoe maua haraka?"

Nikaivuta ile picha. Mizizi ilikuwa imekatwa kama sukuma wiki. Majani yana matobo ya wadudu, na moja limepinda upande likifuata jua la mahali pengine. Mmea uliolelewa kitaluni haukai hivyo. Huwa msafi, mizizi yake mizima, majani yamepangana. Huu uling'olewa.

Nilimjibu vibaya usiku ule. Wacha nijibu vizuri hapa, kwa sababu siyo yeye peke yake.

Kwanza tuache huu uongo wa "nimeiokoa". Eti msitu unakatwa hata hivyo, heri iwe kwa dirisha langu. Kwa dirisha lako itafanya nini? Chukua Paphiopedilum rothschildianum, ya Mlima Kinabalu kule Borneo. Ua lake lina vidoa vinavyofanana na vidukari. Kuna nzi ambaye watoto wake hula vidukari, basi anatua kutaga mayai, anateleza, anaanguka ndani ya mfuko. Njia ya kutokea ni nyuma tu, na ni nyembamba, kwa hivyo anatoka akiwa amebeba chavua mgongoni. Mayai yake yanabaki pale bila chakula. Ni ulaghai mtupu, lakini ndivyo mbegu hupatikana. Roysambu, orofa ya nne, huyo nzi hayupo, na hata angekuwepo mmea wako hauna mwenza. Hujaokoa chochote. Umechukua mzazi mmoja kutoka kwa familia iliyokuwa inazaa.

Tabia hii siyo ya jana. Frederick Sander, mfanyabiashara wa okidi Uingereza, alipoanza kuuza rothschildianum mwishoni mwa miaka ya 1880, alisema imetoka New Guinea. Alidanganya ili washindani wasijue kwenda Kinabalu. Porini haikuonekana tena hadi 1959, na mimi nashuku ule uongo ndio uliipa mapumziko. Paphiopedilum vietnamense haikuwa na bahati ya kuwa na mwongo. Wanasayansi waliielezea 1999, habari zikasambaa, na ndani ya miaka michache wachimbaji walikuwa karibu wameimaliza kaskazini mwa Vietnam. Huko okidi za msituni zimeuzwa kwa kilo. Kwa kilo, jameni, kama viazi.

Na yule anayepanda mwamba kuzing'oa siyo adui yangu mkuu. Ana watoto, analipwa kidogo. Adui ni mimi na wewe tunaoandika "bei?" chini ya picha.

Najua utaniambia halali ni ghali. Ni kweli, na iko sababu. Zile okidi za kipepeo unazoona supamaketi huzalishwa maabara kwa maelfu kutoka kipande kimoja cha mmea. Okidi-ndara imeikataa hiyo mbinu karibu kabisa. Ukiitaka, ni ugawe mmea mkubwa au uanze na mbegu, na mbegu yenyewe ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Porini hulishwa na kuvu. Maabara huoteshwa ndani ya chupa, juu ya agari yenye sukari, ujuzi ambao Lewis Knudson aliuchapisha 1922. Kisha unangoja. Mitatu, mitano. Rothschildianum inaweza kupita miaka kumi kabla ya ua la kwanza. Unaponunua ya kitaluni unalipia miaka ya mtu. Unaponunua ya soksi unalipia nauli tu.

Makaratasi pia yanachosha, nakubali. Tangu 1990 jenasi nzima ya Paphiopedilum iko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hata muuzaji mwaminifu hulia na vibali. Lakini uchovu wa foleni haujawahi kuwa ruhusa ya kuiba.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Nairobi hatuna haja ya wizi wowote. Kuna Paphiopedilum insigne, ya milima ya Khasi, India, ambayo imelimwa Ulaya tangu karibu 1820. Watu wamekuwa wakiigawa na kupeana kwa miaka mia mbili. Yenye majani ya kijani kitupu kama hii hutaka usiku wa baridi ndipo iamue kuchanua, nyuzi 10 hadi 13 hivi kwa wiki kadhaa. Hiyo si ndiyo Julai yetu? Wazungu wanaacha vyumba bila joto ili wapate kile ambacho sisi tunapewa bure tukinung'unika ndani ya sweta. Walio Mombasa watafute zenye majani ya madoadoa. Hizo hupenda joto.

Yangu niligawiwa na mama mmoja wa Limuru, kipande chenye machipukizi matatu. Inakaa kwenye dirisha la mashariki, jua la asubuhi tu, la mchana hapana. Haina akiba ya maji kwenye shina kama okidi nyingine, kwa hivyo haifai kukauka kabisa, na haifai kuogelea. Chungu ni kidogo, kimejaa vipande vya magome na makaa kidogo. Maji ya chumvi ya ploti yetu yaliichoma ncha za majani, sasa nakinga ya mvua. Kila shada la majani huchanua mara moja tu maishani, kisha kazi inaachiwa watoto wa pembeni. Ukiitupa maua yakidondoka, umetupa hao watoto. Na ua lenyewe si la siku tatu. Hukaa hata miezi miwili.

Sasa mtu aniambie haraka ni ya nini.

Halafu tukimaliza kulaani Vietnam, tuangalie hapa. Afrika haina okidi-ndara ya asili hata moja, lakini tuna Ansellia africana, okidi-chui, inayoota juu ya miti yetu, na nimeiona ikiuzwa kando ya barabara na gome la mgunga bado limeng'ang'ania mizizi. Mnunuzi mbele yangu aliomba apunguziwe. Akapunguziwa.

Mmea wa rafiki yangu ulioza wiki ya tatu. Juzi ameniuliza kama namjua mtu mwingine anayesafiri Asia.