Staa, Bebi na Jenereta Mlangoni mwa Hema

Wadau wa Miembeni, ile video ya staa aliyepiga kambi na bebi wake ufukweni Bukoba mmeiona. Watu wanacheka jenereta inavyonguruma kama mashine ya kusaga. Kweli, vile vidogo vya kuchanganya petroli na oili ni vya bei poa ila kelele kibao. Ya inverta hupunguza mwendo wa injini matumizi yakiwa madogo, ndo maana imetulia.

Ila kelele siyo ishu. Jamaa kaisogeza mlangoni mwa hema, kaifunika turubai eti isisumbue! Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, inaua mtu usingizini. Hata ya inverta, ya bei mbaya, inaua vilevile. Ikae mita 6 au zaidi, upepo upeleke moshi mbali. Na kwa simu mbili na taa, si pawabenki ingetosha?