Atibiwe Kabla ya Kufutwa

Anayetaka kujua thamani ya leseni na aje huku Oldonyiro. Katika jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya ipo mila ya kale ya kung'oa meno ya mbele ya chini. Ipo na desturi nyingine ya hatari zaidi, ya kuchimba ufizi wa mtoto mchanga anayeharisha, kwa dhana kwamba vijino vilivyofichika humo ndivyo ugonjwa wenyewe. Mwenye kushika kisu hicho hana sajili, wala hakuna baraza liwezalo kumwita. Je, afisa wa afya ya kinywa aliyehitimu akifutwa kwa ulevi, wagonjwa wake watarejea kwa nani?

Tangu sheria za afya zirekebishwe mwaka 2019, maafisa hao wamo chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Baraza laweza kumkaripia aliyekosa, kumrudisha mafunzoni, kumsimamishia leseni au kumwondoa sajilini. Sina ugomvi na adhabu hizo. Ninalouliza ni hili: aliyetekwa na pombe amewekewa mlango gani wa kujisalimisha kabla hajamjeruhi mtu?

Katika jimbo la California, Marekani, wasafishaji wa meno walipata kamati yao wenyewe mwaka 2009, nayo ikawa bodi kamili mwaka 2019. Bodi hiyo inao mpango wa kumwelekeza mwenye leseni kwenye matibabu. Aweza kujipeleka mwenyewe au kupelekwa. Hupimwa bila kuarifiwa mapema, na siri yake huhifadhiwa maadamu anashika masharti. Akiyavunja, mkono wa nidhamu humfikia.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuwabembeleza walevi. Walimu wenzangu, tunaoijua vyema barua ya kusimamishwa kazi, ni nani miongoni mwetu aliyepata kuiacha chupa kwa sababu ya barua? (Wanafunzi huwa wameijua harufu hiyo muda mrefu kabla ya mwalimu mkuu.)

Hata hivyo, nashikilia masharti mawili. Aliye katika matibabu asiguse kinywa cha mtu hadi daktari athibitishe kwamba amepona. Na aliyekwisha kumdhuru mgonjwa asijifiche nyuma ya siri hiyo. Kesi yake isikilizwe waziwazi, na mgonjwa aelezwe uamuzi kwa lugha anayoifahamu, hata ikiwa ni Kisamburu au Kiturkana.