Shuka Jeupe Si Ushahidi

Wiki hii yamezunguka kwenye simu za watu mahubiri ya harusi. Mhubiri kashika kipaza sauti, anawaambia mabinti waliokaa viti vya mbele kwamba Mungu amewafunga kwa muhuri, na muhuri huo ukivunjwa mume atajua usiku wa kwanza, kwa sababu shuka halisemi uongo. Ukumbi mzima ukaitikia amina. Mimi nilizima simu kwa hasira, maana alichokisema hakimo katika mwili wa mwanamke yeyote mwenye afya.

Kuna swali nimewauliza watu wa aina hii mara nyingi, na sijapata jibu. Msichana huvunja ungo akiwa na miaka 12, 13 au 14. Tangu hapo anaingia hedhini mwezi kwa mwezi. Akiolewa na miaka 22, ameshatoka damu kwa miaka minane au zaidi kabla mwanamume hajamkaribia. Kama amefungwa, hiyo damu yote ilipita wapi?

Ilipita hapo hapo, kwa sababu pako wazi. Kizinda si ngozi iliyotandazwa kuziba njia. Ni ukingo laini wa nyama unaozunguka mlango wa uke, mabaki ya jinsi uke ulivyojiunda mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kwa wengi una umbo la pete au la mwezi mwandamo. Kwa wengine una vitundu kadhaa, au ni mwembamba hata kuuona ni shida. Msichana anapobalehe, homoni ya estrojeni huufanya uwe mnene na wenye kuvutika. Ndiyo maana wanawake wengi hawatoki hata tone siku ya kwanza. Wanaotoka damu, mara nyingi walikuwa wakavu, waliogopa, au mwanamume alikuwa na pupa. Shuka lenye doa linaeleza zaidi tabia ya bwana harusi kuliko maisha ya bibi harusi.

Na yupo kweli msichana aliyezibwa kabisa. Huyo ni mgonjwa. Anafika miaka 14 au 15, wenzake wote wameshavunja ungo, yeye hajaona kitu, lakini kila mwezi tumbo la chini linamkata. Damu inajikusanya ndani ya uke, pengine hadi kwenye mji wa mimba, tumbo linavimba, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba ana mimba. Tiba yake ni daktari kumpasua kidogo damu ipate njia. Huo muhuri anaousifu mhubiri, hospitali wanaufanyia upasuaji.

Wapo wanaonijibu kwamba bibi zao walitoka damu, na kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha usiku wa kwanza, kikatolewa nje kwa vigelegele. Wajukuu hawa walikuwemo chumbani? Nani Pwani hajasikia habari za damu ya kuku, na za makungwi wenye huruma waliojua kumsitiri mwari wao? Mtu anayejifunza mwili wa binadamu kwa kisarawanda cha bibi yake hana la kumfundisha mtu.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Marekani, Pediatrics, lilichapisha uchunguzi wa wasichana 36 waliokuwa na mimba. Waliokutwa na alama ya wazi ya kuingiliwa ni wawili tu. Wenye mimba! Ikiwa wataalamu hawakuona kitu kwa msichana aliyebeba mimba, mama mkwe ataona nini kwenye kitambaa? Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UN Women na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali, kwa kuwa hauna msingi wowote wa kitabibu.

Binamu yangu alirudishwa kwao siku chache baada ya harusi. Nilikuwepo. Mama mkwe aliweka sinia juu ya mkeka, na ndani ya sinia kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Akakikunjua taratibu mbele ya shangazi zetu, mkunjo mmoja baada ya mwingine, ili kila mtu aone hakina doa. Kilikuwa bado kinanukia udi. Bwana harusi hakuulizwa neno, na mtaa mzima ulijua nyumba alizokuwa akilala kabla ya kuoa.

Kuukagua mwili wa msichana tunakujua sana hapa Tanzania. Kuna shule ziliwapanga wasichana mstari kuwapima mimba, na hadi Novemba 2021 aliyejifungua hakuwa na nafasi tena katika shule ya serikali. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ilifutwa mwaka 2018, ikarudishwa mwaka 2019. Mwalimu wa baiolojia akifika sura ya uzazi anawaambia wanafunzi wakasome nyumbani. Hedhi tunaitoza kodi, kisha madhabahuni tunahubiri kana kwamba haipo.

Najua nitaambiwa ninafundisha uasherati. Kumweleza binti jinsi alivyoumbwa kumekuwa uasherati tangu lini? Anayeamini katika kujitunza mpaka ndoa ana haki yake, na imani yake naiheshimu. Lakini imani hiyo haihitaji kusimama juu ya uongo kuhusu uke.

Kwa hiyo wahubiri wafundishe uaminifu, muhuri wauache. Makungwi wawaambie wari ukweli, na wawaambie wanaume wapunguze pupa. Daktari anayeandika cheti cha bikira ajue anatia sahihi kitu ambacho taaluma yake haiwezi kukiona. Na mwanamume anayetaka kujua maisha ya mchumba wake amuulize kwa mdomo, kabla ya mahari, huku yeye akiwa wa kwanza kulijibu swali hilo hilo.