Kulala na watoto kwenye jengo la kale: jiko la mkaa libaki nje

Likizo ya Juni huikuta Usangi kwenye baridi. Watoto waliotoka Dar es Salaam kwenda kwa bibi Shighatini hushuka kwenye gari na fulana zao nyepesi, na kabla ya jioni wameshavalishwa sweta za binamu zao. Siku tatu za mwanzo huwa raha tupu: makande, zizi la ng'ombe, kuteremka mteremko mbio na kupanda tena. Siku ya nne mmoja anauliza kama hakuna kingine cha kuona, na baba anakumbuka aliwaahidi kuwalaza usiku mmoja kwenye jumba la zamani, kama yale ya kwenye katuni.

Majumba ya kwenye katuni yako Ulaya. Italia ina ngome na makasri yaliyojengwa na mabwana wa vita, ambayo leo mtu analipia chumba na kunywa chai asubuhi chini ya mnara. Hispania ilianza mapema zaidi: tangu mwaka 1928 serikali yake inaendesha mtandao wa hoteli uitwao Paradores, nyingi zikiwa kwenye makasri na nyumba za watawa za zamani. Kwetu hakuna makasri ya namna hiyo, lakini jambo lenyewe lipo. Mikindani kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895 lililokarabatiwa likawa hoteli. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi za wafanyabiashara wa zamani zinazolaza wageni, ikiwemo ile ya Hurumzi iliyokuwa ya tajiri Tharia Topan.

Kwa familia iliyoko Upareni hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Shighatini mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1900, kisha wakasambaa hadi Upare ya kusini. Mmoja wao, Jakob Dannholz, aliishi Mbaga na kuandika kitabu kuhusu imani za Wapare kilichochapwa mwaka 1916. Makazi yake ya Mbaga ndiyo yaliyokuja kujulikana kwa wasafiri kama Tona Lodge. Kutoka Shighatini familia inashuka hadi Mwanga, inashika barabara kuu hadi Same, halafu inapanda tena milimani. Mvua ikiwa imenyesha, mzazi apige simu kwanza kuuliza kama barabara inapitika na kama wenyeji wanapokea wageni siku hizo.

Usiku wa namna hiyo una thamani yake. Mtoto anayeishi kwenye nyumba ya matofali ya saruji anashika ukuta wa mawe mnene kuliko mkono wake ulivyo mrefu, anauliza nani aliyabeba mawe hayo, na maongezi yanaanza. Ila majengo haya yote, la Mbaga, la Mikindani na la Hurumzi, yalijengwa kwa ajili ya watu wazima wa zama nyingine. Aliyechora ngazi hakuwa anamfikiria mtoto wa miaka miwili. Na aliyeyageuza kuwa hoteli mara nyingi amewafikiria wageni wawili wawili wanaotafuta utulivu. Kazi ya kumfikiria mtoto inabaki kwa mzazi, na huanza kabla ya safari.

Wapare hutaniwa nchi nzima kwa ubahili. Hapa ubahili una faida: usilipe kabla ya kuuliza. Mama mmoja anaweza kupiga simu hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Ahsante. Tunakuja watu watano, watoto watatu, mdogo ana miaka miwili. Usiku vyumbani mnapashaje joto?"

"Ah, hilo lisikupe shida, mama. Tunawaletea jiko la mkaa, mnaota mpaka mnalala."

"Nashukuru, baba. Sisi mtuongezee mablanketi tu. Jiko libaki jikoni."

Jibu la mama huyo lina uzito kuliko maswali yote yanayofuata hapa. Katika hatari za usiku wa baridi milimani, jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala ndilo linaloweza kuua familia nzima bila mtu kuamka. Mkaa unapoungua kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikeri macho. Ikivutwa huingia kwenye damu na kukamata nafasi ambayo ilipaswa kubeba oksijeni, na inashika kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unakosa hewa huku kifua kinapanda na kushuka kama kawaida.

Wengi wamelelewa wakiamini kwamba hatari ni moshi. Jiko linawashwa nje, linapepewa, mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu bila moshi ndipo linaingizwa ndani. Anayefanya hivyo anaona amechukua tahadhari, lakini mkaa uliokolea bado unatoa gesi hiyo, na unaendelea kutoa hata ukiwa umefunikwa majivu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kumpa mtu usingizi salama. Kuna wanaojitetea kwamba babu zao walilala na moto ndani miaka yote. Ni kweli, ila nyumba ya babu ilikuwa na paa la nyasi na upenyo kila upande. Jengo la kale lililokarabatiwa likawekwa vioo, milango iliyobana na dari jipya ni kitu kingine kabisa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Zinafanana na malaria, zinafanana na chakula kilichochacha, ndiyo maana watu hupotea njia. Kinachotofautisha ni kwamba watu kadhaa wa chumba kimoja huumwa kwa pamoja, na wakitoka nje hupata nafuu. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Yeye atalia bila sababu, atakataa ziwa, au atalala usingizi mzito usio wa kawaida. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo huathirika mapema, na mama mjamzito anamhatarisha pia aliye tumboni. Likitokea, milango ifunguliwe, kila mtu atolewe nje, na safari ya hospitali ianze hata kama wote wanasema sasa wako sawa. Dawa yake ni oksijeni. Maziwa ambayo majirani watayaleta kwa nia njema hayaitoi gesi kwenye damu. Yanapoteza muda tu, na kwa mtu aliyelegea yanaweza kumpalia.

Baadhi ya majengo ya enzi za Wajerumani, Upareni na hata Lushoto, yana meko ya ukutani yenye bomba la kutolea moshi. Hayo yalitengenezwa kwa kazi hiyo, lakini bomba la miaka mingi linaweza kuwa limezibwa na kiota cha ndege au masizi. Kama mhudumu hajui lilisafishwa lini, moto usiwashwe. Namna ya kupata joto bila moto si ngumu: soksi, kofia, nguo mbili tatu nyepesi badala ya koti moja zito, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa khanga, iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala kisha itolewe mtoto anapoingia. Mtoto mchanga asifunikwe blanketi zito linaloweza kumziba uso.

Baada ya hilo, ngazi. Familia ikifika, mmoja abaki na watoto nje na mwingine apande peke yake kwanza. Ngazi za nyumba za zamani, hasa za Mji Mkongwe, ni za mwinuko mkali, vidato havilingani, na miaka mingi ya nyayo imeviacha vinateleza. Mapengo kati ya fito za kingo ya ngazi na ya roshani yasizidi kama sentimita 10. Ngumi ya mtu mzima ikipita kwa raha, mapengo hayo si ya kumwachia mtoto mdogo. Kitanda kilichosogezwa chini ya dirisha kivutwe. Madirisha ya kale yako chini na mtoto akisimama kwenye godoro kifua chake kinapita kizingiti. Zanzibar wageni hupandishwa juu ya paa kula na kutazama machweo, na hapo mtoto ashikwe mkono, asichungwe kwa macho tu. Ua wa ndani ukiwa na kisima, kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuuinua.

Na uimara wa jengo lenyewe? Watu hudhani kilichosimama zaidi ya miaka 100 kitasimama milele. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Sehemu ya jengo yenye mafundi, nyufa mpya au ukuta unaotoa maji si ya kuchezea watoto, hata kama kamba ya kuzuia haijafungwa.

Rangi inayobanduka ukutani inastahili neno moja. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto unaokua, na wataalamu hawajui kiwango chochote cha risasi ambacho ni salama kwake. Usiku mmoja si wa kuhofia kupita kiasi, lakini mtoto wa umri wa kutia kila kitu mdomoni asiketishwe chini ya ukuta unaodondosha magamba, na mikono ioshwe kabla ya kula. Popo wakiwa darini, chumba kibadilishwe. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na popo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni alama ndogo ya jino.

Maji ya kuoga kwenye loji za milimani mara nyingi huletwa kwa ndoo, yakiwa yametoka kuchemka. Ndoo hiyo imewaunguza watoto wengi kwenye nyumba za kawaida, sembuse kwenye bafu lenye giza na sakafu usiyoizoea. Maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yaongezwe juu yake, na mtoto aitwe mwisho. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha. Mshumaa usikaribie chandarua.

Mbaga kuna jambo ambalo halimo kwenye kifua wala kwenye ngozi. Waongoza wageni huwapeleka watu kwenye mwamba wa Malameni, na simulizi yake ni ya watoto waliotolewa kafara zamani. Ni historia, na ina haki ya kusimuliwa. Lakini mtoto wa miaka mitano akiisikia saa kumi na mbili jioni, kisha akalazwa kwenye nyumba ngeni yenye sakafu ya mbao inayolia usiku, hatalala, na asubuhi shuka litakuwa limelowa. Asifokewe wala kuchekwa mbele ya binamu zake. Ni vyema mzazi azungumze na mwongozaji pembeni mapema: wakubwa wa miaka kumi na kuendelea wasikie habari hizo asubuhi, mchana kutwa waulize wanachotaka, wadogo wapewe hadithi ya nani alibeba mawe ya ujenzi. Usiku taa ya choo iachwe inawaka, na watoto walale chumba kimoja na mtu mzima, hata kama vyumba viwili vimeshalipiwa.

Chandarua nacho huwaponyoka wengi, kwa sababu milimani mbu ni wachache na baridi hufanya watu waamini malaria haipandi huko. Ni pungufu, lakini ipo, na safari yenyewe inapita bondeni kwenye joto la Same. Dari za nyumba za kale ziko juu sana. Chandarua kinaning'inizwa huko hadi chini hakifiki. Mzazi akione kwa macho yake kinachomekwa chini ya godoro pande zote, au abebe cha kwake kutoka nyumbani. Ni kitu cha uzito wa shati.

Kabla ya kulala, mtu mmoja mzima ajue mambo mawili: kituo cha afya kilicho karibu kiko wapi, na nani ana gari usiku. Mbaga gari halipatikani kwa kupunga mkono barabarani. Namba ya dereva iandikwe kwenye simu saa ya chakula cha jioni, wakati mtandao bado unashika.

Na familia ikisharudi Dar es Salaam, sweta zimefuliwa na shule imefunguliwa, mtoto akipata homa ndani ya wiki chache zinazofuata, apelekwe akapimwe malaria. Vimelea huchukua siku saba au zaidi kabla ya homa kuanza, mara nyingi kati ya siku 10 na 15, muda ambao mama ameshasahau mbu wa Same na analaumu vumbi la shuleni. Daktari aambiwe mtoto alilala wapi na lini.