Daluga Zake Atazitundika Mwenyewe

Mchezaji akishavuka miaka 33 pale Msimbazi, kwenye klabu yetu ya Simba, hukumu yake imekwisha kupita. Akikosa bao moja, kijiweni watasema ameisha. Akikosa la pili, watasema anachafua jina lake, bora angetundika daluga akiwa bado juu. Imani hii kwamba bingwa sharti aondoke akiwa kileleni imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji. Mimi naipinga, kwa sababu inawadhalilisha watu walewale waliotupa furaha.

Mtazameni John Bocco. Alikuja Simba mwaka 2017 akitokea Azam, na misimu minne mfululizo ubingwa wa ligi ukaenda kwa Mnyama. Msimu wa 2020/21 akawa mfungaji bora kwa mabao 16. Mei 2021 tulipigwa 4-0 na Kaizer Chiefs kwao Afrika Kusini, watu wakakata tamaa. Kwenye marudiano katika Uwanja wa Mkapa tukashinda 3-0, mawili akiyafunga yeye. Lilibaki bao moja twende kwenye matuta. Kwa kipimo cha wenye imani hii, huo ndio wakati wa kuondoka. Hakuondoka. Aliendelea kuvaa jezi nyekundu, nafasi yake ikipungua taratibu, mpaka 2024 alipoagwa na kwenda JKT Tanzania. Sasa niambieni, kati ya yale mabao 16, ni lipi lililofutwa na siku alizokaa benchi?

Hata wenzetu wa mbio za pikipiki walikuwa na ugomvi huu. Valentino Rossi wa Italia, bingwa wa dunia mara 9, alitwaa taji lake la mwisho mwaka 2009 na kushinda mbio kwa mara ya mwisho Assen, Uholanzi, mwaka 2017. Akaendelea mpaka Novemba 2021, akiwa na miaka 42, na msimu huo akamaliza nafasi ya 18. Wapo mashabiki walioona aibu kwa niaba yake. Lakini katika miaka hiyohiyo ya kushindwa, alikuwa akiwanoa vijana katika akademi yake, akifanya nao mazoezi, kisha akiingia nao mbioni kushindana. Siku aliyoaga, Valencia, yeye alikuwa wa kumi. Aliyeshinda ni Francesco Bagnaia, kijana wa akademi hiyo, kichwani akiwa na helmeti yenye mchoro wa zamani wa Rossi. Mwaka uliofuata Bagnaia akawa bingwa wa dunia. Mzee angeondoka na taji lake 2009, vijana wale wangejifunza kwa nani namna ya kushindwa na bado kurudi wiki inayofuata?

Ipo hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya hatari. Oktoba 2011, Marco Simoncelli, mwendesha pikipiki mwenzake na rafiki wa Rossi, alianguka kwenye mbio za Sepang na kufariki baada ya kugongwa na pikipiki zilizokuwa nyuma yake, mojawapo ikiwa ya Rossi mwenyewe. Casey Stoner, bingwa mwingine wa mbio hizo, aliacha mwaka 2012 akiwa na miaka 27 na mataji mawili, na hakuna wa kumlaumu. Mtu akimwambia bingwa apumzike kwa sababu anahofia uhai wake, huo ni upendo. Akimwambia apumzike ili kumbukumbu zetu zisitiwe doa, anajifikiria yeye.

Na hapa kwetu kuna jambo zito zaidi. Rossi alipostaafu alikuwa na timu yake na biashara zake. Mchezaji wetu anaishi kwa mikataba mifupi, na kila msimu anaoucheza akiwa mkubwa ni ada ya watoto na matofali ya nyumba. Kumtaka aache mapema ili sisi tumkumbuke vizuri ni kumtaka alipe gharama ya fahari yetu.

Kocha ana haki ya kumweka benchi. Uongozi una haki ya kutomwongezea mkataba. Shabiki aliyelipa kiingilio ana haki ya kukasirikia pasi mbovu, hata ya Bocco. Lakini mtu ambaye miguu yake bado inamtii na kuna timu inayomhitaji, hata kama ni timu ndogo inayopigania kutoshuka daraja, hana deni la kustaafu kwa yeyote pale Msimbazi.