Upanga wa filamu ukitengenezwa nyumbani, hatari haiko kwenye makali

Binti wa miaka kumi anamwambia baba yake kuwa anataka upanga wa mwanga, kama ule wa filamu za Star Wars. Hataki wa dukani. Anataka wautengeneze wenyewe. Baba anafurahi, na Jumamosi anarudi nyumbani na kipande cha bomba la sinki, supagluu, msasa, kopo la rangi ya kupuliza, nyaya, taa ndogo na betri. Meza ya sebuleni inageuka karakana. Mdogo wake binti huyo, mwenye mwaka mmoja na nusu, anazunguka chini ya meza akiokota kila kinachodondoka.

Familia hiyo ni ya mfano tu, lakini wazazi wengi wataitambua meza hiyo. Swali la kwanza wanalojiuliza watu wazima huwa ni kama mtoto atajikata au atampiga mwenzake. Ni swali la haki, ila si kubwa kuliko yote. Upanga wenyewe ni bomba lenye taa. Kinachoweza kumpeleka mtoto hospitali ni vumbi, harufu ya kemikali na betri ndogo kuliko sarafu.

Upanga uliozaliwa kwenye vyuma chakavu

Kutengeneza nakala za vifaa vya filamu za anga ni burudani ya siku nyingi Marekani na Uingereza. Watu wazima wanajifungia kwenye gereji zao mwishoni mwa wiki wakikata, wakisugua na kupaka rangi hadi kifaa kifanane na kile cha kwenye skrini. Wengi wanafanya hivyo pamoja na watoto wao.

Burudani hiyo inaendana na historia ya upanga wenyewe. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilitoka mwaka 1977, na sehemu kubwa ya matukio yake ya ndani ilipigwa kwenye studio za Elstree, nje kidogo ya London. Bajeti ilikuwa finyu. Roger Christian, aliyeshughulikia mapambo ya seti, alikuta kwenye duka la vifaa vya picha jijini London mipini ya zamani ya taa za kamera aina ya Graflex, zilizowahi kutumiwa na wapigapicha wa magazeti. Akaongeza vipande vichache, na mpini wa upanga wa Luke Skywalker ukapatikana. Mpini wa upanga wa Obi-Wan Kenobi nao uliunganishwa kwa vipande kama bomba la injini ya ndege ya Rolls-Royce na kishikio cha bomba la maji. Christian na wenzake walipata tuzo ya Oscar kwa kazi ya filamu hiyo.

Kwa lugha ya Nairobi, hiyo ilikuwa kazi ya jua kali. Na filamu hizo zina sauti ya Afrika Mashariki pia. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, rubani Nien Nunb anasikika akizungumza Kikuyu, kwa sauti ya Mkenya Kipsang Rotich. Kwa hiyo mtoto wa huku anayetaka kujitengenezea upanga kwa bomba la sinki hajaiga mambo ya watu. Anafanya kile kile walichofanya waliobuni.

Kinachobadilika ni mahali. Gereji ya Marekani ina mlango mpana unaofunguka wote na haina kitanda ndani. Kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam au Nairobi hakuna gereji. Kazi hufanyika sebuleni, kwenye meza ile ile ya chakula, na usiku watoto hulala humo humo au chumba cha pili.

Mapafu ya mtoto si ya mtu mzima

Mtoto huvuta hewa nyingi zaidi ya mtu mzima ukilinganisha na uzito wa mwili wake, na mapafu yake bado yanakua. Vumbi linalomfanya baba apige chafya mara mbili linaweza kumwamshia mtoto pumu usiku kucha.

Vumbi lenyewe linatofautiana. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mbao za unga uliogandishwa, maarufu kama MDF, zina pia gundi yenye formaldehaidi, ambayo iko kwenye kundi hilo hilo. Tahadhari hiyo inawahusu zaidi watu wanaovuta vumbi hilo kwa miaka, wala si kwa Jumamosi moja. Lakini chembe ndogo zinazobaki kwenye zulia na mapazia huvutwa kila siku, na anayekaa karibu zaidi na zulia ni mtoto mdogo.

Harufu za kemikali ni jambo jingine. Rangi ya kupuliza ina viyeyusho vinavyoleta kizunguzungu, kuumwa kichwa na kubanwa kifua, na vinashika moto kwa urahisi. Kuipuliza karibu na jiko la gesi au la mkaa lililowashwa ni kukaribisha mlipuko. Bomba la plastiki aina ya PVC likichomwa ili lipinde hutoa moshi unaowasha macho na koo. Na risasi ya kuchomelea nyaya, ile wanayotumia mafundi redio, mara nyingi huwa na madini ya risasi ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama.

Barakoa nayo inawachanganya wengi. Ya kitambaa haizuii vumbi jembamba. Aina ya N95 au FFP2 inazuia vumbi ikibana vizuri usoni, lakini haizuii mvuke wa rangi wala wa gundi. Kinga ya mvuke ni hewa ya wazi na umbali.

Kazi zigawanywe mafungu matatu

Njia rahisi ni kuzigawa kazi kabla ya kufungua kopo lolote.

Fungu la kwanza ni kazi za mtoto, na zinaweza kufanyika mezani. Kuchora upanga anaoutaka, kupima urefu, kukata mfano wa karatasi ngumu, kuchagua rangi, kufunga skrubu kwa bisibisi, kuviringisha utepe kwenye mpini. Hizi ndizo kazi zinazoamua upanga utakuwaje, kwa hiyo mtoto haachiwi makombo.

Fungu la pili ni kazi za mzazi, mtoto akiwa pembeni amevaa miwani ya kinga. Kukata bomba kwa msumeno wa chuma, kulainisha kingo kwa tupa, kutoboa tundu, kutumia supagluu. Gundi hiyo isifutwe kwa pamba wala kutumiwa na glavu za pamba, kwa kuwa ikikutana na pamba hupata joto linaloweza kuunguza ngozi. Ikigandisha vidole, vilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuachanishwa taratibu. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji ya uvuguvugu, kope zisivutwe kwa nguvu, na mtoto apelekwe hospitali. Nyaya zinaweza kuunganishwa kwa viunganishi vya skrubu badala ya kuchomelewa, na suala la risasi likaisha.

Fungu la tatu ni kazi za nje, watoto wakiwa mbali: kupiga msasa na kupuliza rangi. Msasa wa maji hupunguza vumbi, mradi taa na betri hazijawekwa bado. Rangi ipulizwe uani, upepo ukiwa mgongoni, na upanga uachwe huko huko hadi ukauke na harufu iishe. Mtoto mwenye pumu asikae karibu, na dawa yake ya kuvuta iwe mahali panapojulikana. Baada ya kazi, meza na sakafu vifutwe kwa kitambaa kibichi, kwa sababu kufagia kukavu kunarudisha vumbi hewani. Nguo za kazi zibadilishwe kabla ya kumbeba mtoto.

Betri ndiyo ya kuogopa kuliko vyote

Taa nyingi ndogo zinazowekwa kwenye panga hizi hutumia betri bapa zinazofanana na kifungo cha shati. Ile iitwayo CR2032 ina upana wa milimita 20, kiasi cha kukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Ikikwama, umeme wake na unyevu wa mwili hutengeneza kemikali inayounguza. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri iliyokwisha nguvu ya kuwasha taa bado inaweza kuunguza.

Dalili zinadanganya. Mtoto anaweza kutoa udenda, kukataa chakula, kukohoa au kutapika, mambo ambayo mzazi huyadhania mafua au meno. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 baada ya kifo cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyemeza betri ya namna hiyo, ikataka bidhaa za nyumbani zinazotumia betri hizo ziwe na mfuniko usiofunguliwa kirahisi na mtoto.

Upanga wa kutengeneza nyumbani haukaguliwi na mtu yeyote. Mkaguzi wake ni mzazi. Mahali pa betri pafungwe kwa skrubu, si kwa gundi wala utepe. Afadhali zaidi ni kuchagua taa inayotumia betri kubwa za kawaida za tochi. Wanaotumia betri za kuchaji za lithiamu nao wasiziweke mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwa kuwa zikigusana huweza kuwaka.

Mzazi akihisi mtoto amemeza betri, asisubiri dalili wala asimtapishe. Aende moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine ya eksirei na aseme wazi kwamba ni betri. Wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri mtoto aliyezidi mwaka mmoja, ikiwa betri imemezwa ndani ya saa 12 na anaweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi akiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza uunguzaji, haiondoi betri, wala isiwe sababu ya kuchelewa. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Betri iliyoingizwa puani au sikioni nayo ni dharura.

Hakuna lolote kati ya haya linalomkataza baba kukaa na binti yake. Kinachotakiwa ni kuhesabu betri kabla ya kuanza na kuzihesabu tena kabla ya kulala, kupeleka msasa na rangi uani, na kumtafutia mdogo mtu wa kukaa naye chumba kingine. Kisha taa izimwe sebuleni, na binti awashe upanga alioupima mwenyewe.