Istilahi za Karakana: Tuanze na Biti ya Kikombe

Aghalabu wanaisimu wetu wanapozungumzia uundaji wa istilahi, macho yao huelekea kwenye sheria, isimu na, siku hizi, kompyuta. Karakana husahauliwa. Ilhali humo ndimo Kiswahili hutumika kutwa nzima kufunzia kazi, na ndimo neno lisiloeleweka huweza kumkata mtu kidole.

Chukua mfano wa keekee ya sumaku. Mashine hii hung'ang'ania boriti ya feleji kwa sumaku ya umeme, ili boriti itobolewe papo hapo ilipo. Biti yake si ile ya msokoto tuliyoizoea. Ni mithili ya kikombe kilichofudikizwa, chenye meno ukingoni. Hula duara tu la chuma na kuacha kipande kizima katikati, kama kokwa. Kwa kuwa haisagi chuma chote cha tundu, hutoboa upesi na kwa nguvu kidogo. Meno yake yakiwa ya kabaidi, hustahimili joto na kasi ambavyo feleji ya kukatia haiviwezi. Hata hivyo, ugumu huo una udhaifu wake: biti ikitikisika, meno humeguka.

Na hutikisika kwa sababu ambazo fundi sharti aelezwe. Sumaku haishiki barabara juu ya rangi, kutu au bamba jembamba. Isitoshe, umeme ukikatika sumaku hiyo huachia, na aliye juu ya ngazi huokolewa na mnyororo wa usalama, ikiwa aliufunga. Maonyo haya aghalabu huja yamechapishwa kwa Kiingereza au Kichina. Msaidizi wa fundi huambiwa tu, "Weka hiyo."

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina hazina ya kiufundi. Dai hili halina mashiko. Mafundi wa majahazi huko Lamu walitoboa mbao kwa keekee ya uta kabla ya umeme kujulikana. Tuna tindo, tupa, jiliwa na randa. Wala wenzetu hawakupaa mawinguni kutafuta majina: tangsteni, madini yanayoundiwa kabaidi hiyo, ni Kiswidi cha 'jiwe zito', nao Wajerumani walipoanza kuiuza kabaidi yenyewe katika miaka ya 1920 waliiita Widia, yaani 'kama almasi'.

Kwa maoni yangu, kabaidi itoholewe tu, kama ilivyotoholewa oksijeni. Kifaa chenyewe kiitwe biti ya kikombe, na kipande kinachodondoka kiitwe kokwa. Najua watakuwepo watakaopendelea 'kikatio mviringo chenye uwazi wa kati'. Huo ni ufafanuzi, si jina. Hakuna atakayeupaaza akiwa juu ya ngazi. Kabla ya kamati yoyote kuketi, wanachama wetu na waende kwenye karakana za Eneo la Viwanda jijini Nairobi, daftari mkononi, wasikilize mafundi wanaviitaje vifaa hivi. Wakikuta jina bora kuliko langu, langu na litupwe.